Samaki Watano wa Darasa la Nne

Ofisi ya Fundi Mkuu wa Maji
(kile chumba cha nyuma, chenye mabomba na baiskeli),
Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya duka la fundi saa.
Jumapili, tarehe 17, mwezi wa tano.

Mpendwa mpwa wangu,

Kabla hujaendelea kusoma, kaa vizuri kwenye kiti, maana anayekuandikia si yule mjomba uliyemwacha akifunga viraka vya mpira. Mji huu sasa haunawi uso bila mimi. Siku nikipitiwa na usingizi, watu elfu arobaini wanapiga mswaki kwa mate. Mhandisi wa maji mwenyewe, yule mwenye cheti cha fremu ukutani, akikwama huja hapa mlangoni kuniuliza, na mimi niliishia darasa la sita tu, tena la sita lenyewe nililimaliza dirishani.

Haya, sasa salamu. U hali gani mwanangu? Mgongo umepona? Uliandika kwamba wodini mnasimama tangu alfajiri mpaka miguu inavimba; je, wamewapa viti au bado mnaegemea vitanda vya wagonjwa? Unakula? Usinijibu kwamba unakula. Niambie ulikula nini jana, nitajua mwenyewe.

Sisi huku ni wazima. Goti la mkazamjomba wako linasumbua asubuhi, likifika saa nne limesahau. Mama yako, yaani dada yangu, hajambo, na bado ananituma dukani kama vile sina ndevu. Mdogo wako wa darasa la nne, binti yangu wa mwisho, yule tunayemwita Bi Hesabu, naye ni mzima, na habari kubwa ya barua hii ni yake. Na yangu. Zaidi yangu, lakini yake pia.

Uliniuliza mara ya mwisho kama bado naongeza chumvi. Nilicheka peke yangu mpaka mkazamjomba wako akaja kuchungulia. Lile bomba kuu nililoliziba kwa mgongo saa tatu nzima, lilikuwa saa tatu; waliosema dakika tano hawakuwa na saa. Lakini haya ya leo sitayatia chumvi, kwa sababu wapo walioandika tarehe.

Ni hivi. Mwanzoni mwa muhula, kinyozi wa pale kona alifunga duka lake akahama. Alikuwa na tangi la kioo pale wateja wanapongojea zamu, lenye samaki watano wadogo wa rangi ya dhahabu. Hakujua awapeleke wapi, akawapa shule, na shule ikawapeleka darasa la nne kwa sababu ndilo lenye meza iliyobaki. Watoto walishangilia kama wameletewa simba.

Wiki hiyohiyo nilikuwa shuleni kutengeneza koki mbili za ukumbini, nje ya darasa lao. Mimi ndiye fundi wa shule ile, kama unavyojua. Hakuna koki pale isiyonijua kwa sauti. Watoto walikuwa mapumziko. Nikaingia kuwatazama hao samaki, nikasalimiana na mwalimu wao, dada mmoja kijana mwenye sauti ya upole na watoto sitini na mbili, tukazungumza kidogo habari za maji. Mambo ya kitaalamu tu. Nikafunga koki zangu nikaondoka.

Baada ya wiki tatu Bi Hesabu akarudi nyumbani siku ya Jumatatu, akaweka mkoba chini, akasema neno moja: "Wanne."

Nikamwuliza wanne nini. Akasema samaki. Mimi nikasema pole, wanyama hufa, nikaendelea kukata bomba.

Jumatatu iliyofuata: "Watatu." Siku hiyo hakumaliza chakula, na wewe unamjua, huyo ni mtoto anayehesabu hata punje zilizobaki kwenye sahani ya mwenzake.

Nikamketisha. Akanieleza taratibu, kidole kwa kidole. Tangi lao liko dirishani, jua lote la mchana linaingia mle. Kipampu cha hewa kilikufa, na waya wake wamefungia pazia. Darasa lile lina zamu mbili, watoto wa asubuhi na watoto wa mchana. Wa asubuhi wanawalisha samaki, wanaondoka. Wa mchana wanakuja, wanawakuta samaki wamefungua midomo, wanasema maskini hawajala, wanawalisha tena, kila mtu kipande chake cha biskuti. Yaani samaki watatu wanalishwa na watoto mia moja na ushee! Na kila Ijumaa jioni maji yote yanamwagwa, yanawekwa mapya ndoo mbili kutoka bombani.

"Umemwambia mwalimu?" nikamwuliza.

"Nimemwambia mara mbili. Amesema maji yanabadilishwa kitaalamu, nikae chini."

Wenzake nao wamempa jina, Mama Samaki. Akipita wanafungua midomo na kuifunga, hivi, pwa pwa pwa. Nikamwuliza kama wanamuudhi. Akasema hapana, ila wangekuwa wanafanya hivyo wakimtazama samaki wangeona kwamba samaki hafanyi hivyo kwa mchezo.

Basi mpwa wangu, damu ilinipanda. Nikamkumbuka mtu mmoja wa darasa la tano, miaka hiyo, aliyesimama mbele ya wageni wa shule na kusema paa linavuja juu ya madaftari, wakati sisi wakubwa tunapiga makofi. Unamkumbuka mtu huyo? Mimi nilikuwa mstari wa mbele, na nilikuwa nimevaa tai. Nilisema moyoni: safari hii sitapiga makofi.

Kesho yake nilibeba spana nikaenda shuleni kwa kisingizio cha koki inayodondoka. Koki ilikuwa haidondoki. Nikaingia darasani. Maji yalikuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Chini kuna tope la biskuti, maganda ya penseli na kipande cha chaki. Samaki mmoja, ambaye watoto wanamwita Koti kwa kuwa ana mgongo mweusi, alikuwa amepanda juu kabisa, mdomo nje, anatafuta hewa. Mwingine, Nusu Mkia, alikaa pembeni ameinama upande kama mtu mwenye jipu. Wa tatu sikumwona vizuri, na kufika Jumatatu hakukuwa na wa kuonwa.

Nikachovya kidole, nikanusa. Mpwa wangu, pua hii inajua maji ya mji huu mtaa kwa mtaa. Maji yalinuka dawa, ile wanayotia kuua vijidudu, na msimu huu wa mvua wanaitia kwa koleo. Sisi tunakunywa hatudhuriki. Lakini samaki anayapumua.

Sikutaka kusema jambo nisilolijua, ingawa nisiyoyajua ni machache. Nikaenda sokoni kwa yule mama anayeuza samaki wa mapambo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikamweleza. Akaacha kufagia.

"Maji ya bombani? Palepale? Yote kwa mpigo?" akasema. "Baba, maji hayo yanatakiwa yalale kwenye ndoo wazi siku nzima na usiku wake, dawa itoke. Kisha unabadilisha robo tu, si yote. Chakula ni kiasi cha ncha ya vidole, mara moja kwa siku. Na muwaondoe juani. Nani amewafundisha hivyo?"

Nikasema sijui, watu tu.

"Basi mtu huyo ama ni adui wa samaki, ama anapenda kusikia sauti yake."

Nikakohoa. Kulikuwa na vumbi la ufagio.

Kutoka hapo moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Ni mama wa watu, mwenye heshima zake, lakini siku hiyo alikuwa na faili mpaka kwapani. Nilipotaja samaki alinitazama kama nimemtajia mbu. "Fundi," akasema, "nina watoto mia tisa na vyoo vitatu vimeziba, na wewe mwenyewe ulisema utavizibua tangu juzi. Unaniletea samaki?" Nikamwambia vyoo nitavizibua leo, lakini vyoo havifi. Akasema kama nina neno, Jumamosi ya wiki ijayo kuna kikao cha wazazi, nikaseme huko. Alidhani nitaona haya.

Vyoo nilivizibua siku hiyohiyo, vyote vitatu, nisije nikaambiwa nina mdomo bila mikono.

Nyumbani mkazamjomba wako hakufurahi. "Utaropoka mbele ya wazazi, shule itafute fundi mwingine. Kisa samaki wasiojaa kiganja!" Hakusema vibaya, kazi ya shule ndiyo inayotushika miezi ya kiangazi. Nikamwambia hao samaki hawajai kiganja, lakini binti yako ameambiwa akae chini mara mbili, na alikuwa anasema kweli. Akikaa ya tatu hatasimama tena. Mkazamjomba wako akaendelea kukunja nguo. Halafu akaniletea shati langu jeupe, likiwa limepigwa pasi.

Jumatatu iliyofuata, kabla ya kikao, Bi Hesabu alirudi akasema: "Wawili." Akaenda kuandika kwenye daftari lake.

Sasa fika kikaoni. Wazazi wameketi kwenye viti vya watoto, magoti yamegusa masikio. Mwenyekiti ni yule muuza mbao anayekohoa kabla ya kila neno. Wakamaliza habari za uzio, wakamaliza habari za sare, nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimeandaa hotuba, mpwa wangu, ya kutikisa mabati. Nikaanza: "Ndugu wazazi, mimi ambaye maji ya mji huu…"

"Fungua koki, fundi, tusikie!" mmoja akapiga kelele nyuma.

Kicheko. Nikasema nimekuja kwa ajili ya samaki wa darasa la nne.

"Wa kukaanga au wa mchuzi?" Huyo ni fundi viatu, namjua, nilimtengenezea bafu.

"Hao hata paka hashibi!" mwingine akadakia.

Mwenyekiti akakohoa, akasema fundi una dakika mbili. Na hapo, sijui nikuambieje, hotuba yote ilinitoka kichwani. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno tangu kuota meno! Nikasimama na mdomo wazi kama Koti mwenyewe. Ndipo nikakumbuka kwamba Bi Hesabu alikuwa amenitia daftari lake mfukoni asubuhi, akasema nikikwama nisome tu.

Nikasoma. Amepiga mistari kwa rula. Tarehe, wamebaki wangapi, maji, chakula. Ijumaa, maji yamebadilishwa yote. Jumatatu, wanne. Ijumaa, maji yamebadilishwa yote. Jumatatu, watatu. Alhamisi, wamelishwa asubuhi mara kumi na moja, mchana sijui kwa sababu nimekwenda nyumbani. Ijumaa, maji yamebadilishwa yote. Jumatatu, wawili. Na ya mwisho, ya jana yake: Ijumaa, nimemwomba mwalimu tusibadilishe, amesema nitaonana naye baada ya kikao. Wawili bado.

Hakuna aliyecheka. Fundi viatu alikuwa anatazama viatu vyake. Bibi mmoja mshona vitambaa, aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake, akasema kwa sauti ndogo tu, lakini chumba kizima kilisikia: "Kwa hiyo mtoto alikuwa anahesabu. Sisi tulikuwa wapi?"

Nikapata nguvu. Nikasema sitaki mtu afukuzwe, sitaki mtu atukanwe. Nataka mambo matatu, na yote nitayafanya kwa mikono yangu, bure, kuanzia leo: tangi liondoke dirishani, maji yalale kabla ya kutumika, na zamu mbili ziambiane nani amelisha. Na la nne, nikasema, mtoto akisimama kusema kiumbe kinakufa, asiambiwe akae chini. Nilisema hivyo, mpwa wangu, na sauti haikutetemeka, au ilitetemeka kidogo mwishoni.

Mwenyekiti akamgeukia mwalimu. "Nani aliyekuambia umwage maji yote na kuweka ya bombani?"

Yule dada akasimama. Akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi, watu walikuwa wengi. Akasema: "Nilishauriwa. Lakini ndoo niliishika mwenyewe, na mtoto aliniambia sikumsikia. Kosa ni langu." Akaketi. Huko nyuma watu wakanong'ona, mzembe, mzembe. Yeye akatazama mikono yake.

Yale mambo matatu yalipita. Jumamosi hiyohiyo tulilihamisha tangi, mimi na fundi viatu, aliyejitolea bila kuombwa. Nilileta pipa la bluu, nikalifunga koki chini, ya shaba, nzuri kuliko ya mwalimu mkuu, na Bi Hesabu akaliandika kwa rangi: MAJI YALIYOLALA. Kipampu nilikifungua, kumbe ni kipira chake tu kilichopasuka. Nikakata kipande cha mpira wa baiskeli yangu nikakitia, sasa kinatoa mapovu kama mtu anayechemsha chai. Na ukutani nimepigilia kibao chenye pande mbili. Upande mmoja: HAWAJALA. Upande wa pili: WAMEKULA. Wa asubuhi wakilisha wanakigeuza, wa mchana wakiingia wanakisoma. Hakuna biskuti tena.

Leo ni siku ya tisa. Nimekwenda kila asubuhi kabla ya kazi, na leo Jumapili mlinzi alinifungulia akiguna. Koti hapandi juu tena kutafuta hewa. Nusu Mkia amesimama wima, na jana alimfukuza Koti kwenye chakula, jambo ambalo mama wa sokoni anasema ni dalili ya afya. Katika daftari imeandikwa mara tisa: wawili, wawili, wawili. Sijawahi kusoma kitu kizuri namna hiyo. Na nitaendelea kwenda mpaka muhula ufungwe, na likizo nitawalisha mimi, hata shule ikitafuta fundi mwingine kesho. Watoto siku hizi hawafungui midomo Bi Hesabu akipita. Wanamwuliza zamu ni ya nani.

Mpe salamu mwenzako wa chumbani, yule anayekoroma, mwambie mimi nina dawa ya kukoroma nitaituma. Mama yako anasema umtumie picha ukiwa umesimama, si ya uso tu, akuone kama umekonda. Mkazamjomba wako anakusalimu na goti lake. Babu wa upande wa baba yako anauliza kila siku utakuja lini, namwambia karibu, naye anasema karibu ni mbali. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi wa kutosha na mkubwa wa kazi mwenye huruma.

Nilikuwa nimeshafika hapo pa kutia sahihi, kalamu ikagoma. Acha niseme.

Tulipokuwa tunarudi kutoka kikaoni, Bi Hesabu alinishika mkono akaniuliza: "Baba, nani alimshauri mwalimu?" Nikamwonyesha baiskeli iliyokuwa inapita. Tangu siku hiyo hajauliza tena. Lakini leo amekwenda kuoga, daftari ameliacha mezani hapa ninapoandika, na ukurasa wa mwisho ameuandika hivi, kwa mwandiko wake uliosimama: Aliyemshauri mwalimu. Halafu vinukta mpaka mwisho wa mstari, kama kwenye fomu.

Siku ile ya koki mbili, watoto wakiwa mapumziko, mwalimu aliniuliza kwa heshima: "Fundi, wewe unajua maji, hawa niwawekee maji gani?" Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi. Nikaweka mkono kiunoni nikamwambia: "Mwalimu, samaki anapenda maji mabichi, yanayoruka kutoka bombani. Mwaga yote kila Ijumaa, usibakize tone, hayo ndiyo mambo ya kitaalamu." Akaandika kwenye karatasi. Aliandika, mpwa wangu! Na mimi samaki nilikuwa namjua wa kwenye sahani tu. Kikaoni yule dada angeweza kunyoosha kidole, na hakunyoosha.

Nimechukua kalamu hii hii ya wino, wala si penseli, nikaandika juu ya vinukta vile: Baba. Kesho analisoma daftari hilo mbele ya darasa, nami nitakuwa nimesimama pale penye pipa. Naye anatoka bafuni sasa hivi, namsikia anahesabu hatua.

Mjomba wako akupendaye,
fundi wa bomba.